Filamu za baba na udongo mwekundu wa Voi

Baba alikuwa dereva wa watalii. Tangu 1984 hadi 1999 kazi yake ilikuwa kuwachukua wageni alfajiri kwenye hoteli za pwani, kupanda nao barabara ya Nairobi mpaka mbuga ya Tsavo, karibu na kwetu Voi, na kuwarudisha siku ya pili au ya tatu wakiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mgeni mmoja alimwachia kamera, Pentax K1000, na tokea hapo baba hakusafiri bila filamu. Wageni wakikazana na simba upande huu wa gari, yeye aligeukia upande wa pili akapiga picha nchi yenyewe: uwanda, milima ya Taita asubuhi, Mto Galana ukiwa umejaa, mbuyu uliosimama peke yake, mvua ikija kutoka milima ya Chyulu.

Alifariki 2019. Chini ya kitanda chake tulikuta mikebe miwili ya Kimbo na bati moja la biskuti, yote yamejaa negativu za rangi, yaani vipande vya filamu ambavyo giza na mwanga wa picha vimegeuzwa. Filamu 37, nyingi Kodak Gold, zenye picha 1,312 ambazo bado zinaonekana kitu. Picha za karatasi ziligawiwa jamaa miaka mingi, na zilizobaki kwenye albamu ziligandana kwa unyevu. Kwa hiyo negativu ndizo zilikuwa kila kitu. Imenichukua miezi 14 na karibu shilingi 52,000 kuzigeuza kuwa picha ambazo mama anaweza kuziangalia na kusema, hapa napajua. Najua nyumba nyingi zina mkebe kama ule, ndiyo maana naandika.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ileile tuliyofungua mikebe. Negativu zilikuwa ndani ya bahasha za studio, na juu ya kila bahasha baba aliandika kwa kalamu: “Mzima, Apr 94”, “Aruba, kiangazi”, “Taita na wageni wa Ujerumani”. Bahasha zilikuwa na ukungu na mavi ya mende. Nikatoa vipande vyote, nikavipanga kwenye plastiki mpya, nikazichoma bahasha uani. Nilidhani nafanya usafi. Jioni nilipokaa na kipande cha kwanza mkononi, nikiona kichaka tu na mbingu, ndipo nilipofahamu nimechoma nini. Bahasha ikiwa chafu, ipige picha kwa simu pande zote mbili, ipe namba, ipe namba hiyohiyo plastiki mpya. Ni dakika moja.

Kuurudisha mpangilio kulichukua wiki tatu. Kilichonisaidia ni ukingo wa filamu. Pale pembeni kiwanda kimechapa namba za picha, 1, 1A, 2, 2A, na kuendelea, kwa hiyo kipande chenye 5 hadi 8 kinafuata chenye 1 hadi 4. Lakini filamu nyingi zina namba zilezile, na hapo nikaanza kulinganisha mikato. Fundi wa studio alikata kwa mkasi, na mkono wa mtu haukati sawa mara mbili. Ukiweka vipande viwili ncha kwa ncha juu ya mwanga, mkato wenye mshazari kidogo unaingia kwa mwenzake kama karatasi iliyochanwa. Kwa njia hiyo nilizikusanya tena filamu 33. Nne mpaka leo sijui zinaanzia wapi.

Kosa la pili ni la sekunde tatu. Niliona alama ya kidole kwenye picha ya Galana, nikaifuta kwa upindo wa shati. Vumbi la chumvi lililokuwa juu yake likachora mistari minne kutoka ukingo hadi ukingo. Filamu ina pande mbili: unaong’aa ni plastiki, na usiong’aa sana ndio wenye dawa, pale picha ilipo. Nilifuta upande wa dawa. Mistari ile haitoki kwa programu yoyote; nimeipaka rangi juu, na mimi nikiiangalia naiona. Tangu siku hiyo navaa glavu za pamba, nashika ukingoni tu, na vumbi nalitoa kwa kipulizio cha mpira, si kwa pumzi ya mdomo, maana pumzi ina mate. Alama ya kidole kwenye upande unaong’aa inatoka kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi, na maji ndiyo adui wa dawa ya filamu, hasa iliyokwisha kuliwa na ukungu.

Kabla ya kununua chochote nilipeleka filamu sita studio moja mjini, shilingi 500 kila moja. Walinirudishia faili za pikseli 1,800 kwa 1,200, mbingu nyeupe pe, majani ya kijani cha kung’aa kama ya kalenda. Nilidhani baba alikosea kuweka mwanga. Baadaye nilipozipitisha picha hizo mwenyewe, mbingu ile nyeupe ilikuwa na mawingu ndani yake, safu kwa safu, mpaka kivuli cha chini cha wingu la mvua. Negativu ya rangi huvumilia mwanga mwingi kupita kiasi. Mawingu yalikuwepo miaka yote, ni mashine ya studio iliyoyakata ili kazi iende haraka. Siwalaumu, kwa bei ile hakuna mtu atakayekaa na picha moja robo saa. Lakini kama unapeleka studio, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: wanakupa pikseli ngapi, na kama wanaweza kukupa TIFF isiyorekebishwa, ile faili kubwa isiyopoteza kitu. Wakikosa jibu, peleka picha za harusi na uache za mandhari nyumbani.

Nikanunua skana bapa ya mtumba yenye taa ya filamu kwenye kifuniko, 32,000. Kwenye boksi waliandika dpi 6,400, yaani nukta kwa kila inchi. Nilipiga picha moja kwa 6,400 na moja kwa 3,200, nikazikuza kwenye kioo sehemu moja, matawi ya mgunga, na sikuona jani moja la zaidi kwenye ile kubwa. Faili tu ndiyo iliyonenepa. Nikabaki na 3,200. Negativu ya milimita 24 kwa 36 hapo inatoa kama pikseli 4,500 kwa 3,000, na TIFF ya biti 16 kwa kila rangi inakuwa MB 80 na kitu. Zidisha kwa 1,312 uone kwa nini nilinunua diski mbili.

Muda nao. Skana yangu ina mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotambua vumbi na mikwaruzo, kwa sababu rangi za filamu hupitisha mwanga huo na vumbi halipitishi. Kwa picha za mandhari ni msaada mkubwa; vumbi linaonekana zaidi kwenye mbingu kuliko mahali pengine popote, na mbingu ni nusu ya picha. Ila unapoitumia, kila picha inachukua dakika nne. Hiyo ni saa 87 za mashine kuunguruma, ukiwa umebahatika na stima haijapotea. Iweke kiwango cha chini au cha kati. Kwenye kiwango cha juu iliona vijiti vya miiba ni mikwaruzo ikavifuta, mgunga ukatoka kama umekatiwa. Na usiitumie kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe: fedha iliyomo inauzuia mwanga ule, na programu itaichukua picha yenyewe kuwa ni vumbi.

Vipande vilivyojikunja vilinitesa. Filamu ikigusa kioo inaleta miduara ya rangi kama mafuta juu ya maji, na kwenye mbingu tupu miduara ile haifichiki. Nililaza vipande ndani ya plastiki zao chini ya vitabu vizito kwa siku kumi. Vingi vilinyooka.

Na angalia upande. Kuna picha ya Kilimanjaro baba aliipiga Amboseli, niliyoipenda sana hata nikaiweka kwenye simu. Binamu yangu aliyesoma Moshi akaniuliza, “Baba alifika Moshi lini?” Hakuwahi. Ukiwa Kenya unautazama mlima kutoka kaskazini, na katika vilele vyake viwili Mawenzi iko kushoto na Kibo kulia. Ukiwa Moshi ni kinyume chake. Nilikuwa nimelaza kipande kifudifudi, na mlima ukageuka. Pale ilikuwa rahisi kugundua, lakini kichaka kilichogeuzwa kinabaki kichaka, na barabara inayopinda kushoto badala ya kulia haimshtui mtu. Soma maandishi ya ukingoni: yakisomeka sawa, unautazama upande unaong’aa, na picha iko kama macho yalivyoiona.

Sasa nifike kwenye kosa kubwa.

Nilipomaliza mzunguko wa kwanza, miezi mitano, nilichukua picha 20 nzuri, nikazifungua kwenye kompyuta nikamwita mama. Nilikuwa nimetumia kitufe kinachorekebisha rangi chenyewe. Negativu ya rangi ina msingi wa rangi ya chungwa, na programu lazima iitoe rangi hiyo kabla ya kugeuza giza kuwa mwanga. Kitufe kilifanya yote kwa mpigo mmoja, picha zikatoka safi, na mimi niliyekaa Mombasa miaka 20 sikuona kasoro. Mama akavaa miwani. Akaangalia picha ya ndovu kwenye uwanda, muda mrefu.

“Hapa ni wapi?”

Nikamwambia ni Voi, ndani ya mbuga, si mbali na bwawa la Aruba.

“Hapana, mwanangu. Voi haina udongo huu. Na hawa ndovu ni wa wapi? Ndovu wa kwetu ni wekundu.”

Nikaangalia upya. Udongo ulikuwa wa kijivu chenye hudhurungi kwa mbali, kama wa mtoni. Ndovu walikuwa wa kijivu kama wa kitabu cha shule. Mbingu ilikuwa samawati iliyoingia kijani. Na kila mtu aliyepita Tsavo anajua ndovu wa pale hujipaka na kujimwagia udongo mwekundu mpaka wakafanana na vichuguu.

Nilielewa kilichotokea siku mbili baadaye. Kitufe kile hudhani kwamba ukichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Picha ikiwa na wekundu mwingi, kinauhesabu wekundu huo kuwa ugonjwa wa filamu, na kinaongeza rangi iliyo kinyume yake mpaka udongo unyamaze. Kwa picha ya watu sebuleni kinakaribia ukweli. Kwa uwanda wa Voi, ambako robo tatu ya picha ni udongo, kinafuta kitu kilekile ambacho baba alisimamisha gari kukipiga. Na kibaya zaidi, nilikuwa nimehifadhi faili hizo tayari zimerekebishwa, kwa JPEG, faili iliyobanwa inayotupa sehemu ya picha. Hakukuwa na kitu cha kurudia. Miezi mitano, nikaanza tena.

Nilikasirika, nikaacha mikebe wiki sita bila kuigusa. Kisha nikarudi kwa utaratibu mwingine, na huu ndio ningependa mtu auchukue.

Kuskani na kurekebisha ni kazi mbili, zisifanywe siku moja. Wakati wa kuskani nazima kila kitu kinachojiita cha kujiendesha: rangi, mwanga, ukali wa picha. Naanza na sehemu tupu ya filamu, ule mkia wa mwanzo au nafasi kati ya picha na picha, naiambia programu kwamba hii ndiyo rangi ya msingi, halafu nafunga vipimo hivyo kwa filamu nzima ya picha 36. Programu ya skana iitwayo VueScan ina sehemu ya kufunga hivyo. Skana nyingine zina njia zake. Maana yake picha ya udongo mwekundu na picha ya mto wa kijani zinapimwa kwa kipimo kimoja, na wekundu wa picha moja hauondolewi kama kasoro. TIFF inayotoka ni bapa, imefifia, haipendezi hata kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Hiyo inakwenda kwenye diski na haiguswi tena. Naifanyia kazi nakala.

Kurekebisha natumia programu ya darktable, ambayo ni ya bure na ina chombo mahususi cha negativu. Kwanza natafuta kitu kwenye filamu ileile ambacho nina hakika ni cheupe au cha kijivu. Hapa baba alinisaidia bila kujua. Karibu kila safari, picha ya kwanza ni gari lake, jeupe, limeoshwa, limeegeshwa nje ya lango. Paa la gari lile ndilo limenipa rangi ya filamu nzima. Pasipo na gari natafuta lami, jiwe la kilomita au moyo wa wingu la mchana. Sichukui udongo, sichukui ndovu, sichukui nyasi kavu.

Na naangalia saa. Kwa kipimo cha paa la mchana niliwahi kuzinyoosha hata picha za jioni, nyeupe ikarudi kuwa nyeupe, na jua la saa kumi na mbili likawa la saa saba. Mwanga wa jioni una haki ya kuwa wa dhahabu.

Filamu za miaka ya 80 zina tabu yake. Joto la chini ya mabati limekula rangi zake kwa viwango tofauti, kwa hiyo vivuli vina wekundu na mawingu yana ukijani ndani ya picha moja. Ukisukuma kipimo kimoja kwa picha nzima unaponya huku unaumiza kule. Inabidi uingie kwenye mstari wa kurekebishia kila rangi peke yake, nyekundu, kijani, buluu: kwanza unasawazisha giza, kisha mwanga, mwisho katikati. Picha moja ilinichukua jioni nzima, ya mbuyu, na naona ilistahili. Ukali nao usiuweke kwenye mbingu. Chembe za filamu zinaamka, na mbingu inakuwa kama mchanga.

Kuna jambo jingine nililofanya nikilifurahia, na nikalazimika kulifuta. Ni picha ya uwanda karibu na Maungu, reli ya zamani ikipita, nguzo za simu zikifuatana nayo mpaka zinapotea. Niliona nguzo zinaharibu. Nikakaa saa tatu na brashi ya kuponya nikaziondoa zote na nyaya zake, kazi safi, huoni pengo. Nikaipeleka kwa mzee aliyekuwa dereva mwenzake baba, ambaye nilikuwa namtegemea anitajie mahali.

Akaishika picha, akaigeuza kidogo, akaniuliza, “Mwanangu, nguzo ziko wapi?”

Nikamwambia nimeziondoa ili picha ipendeze.

“Sasa mimi nitajuaje ni wapi? Hapa tulikuwa tunapajua kwa nguzo. Zilikuwa upande huu wa reli, halafu mbele zinavuka.”

Hakusema kwa ukali. Lakini niliona alichokuwa anakitafuta na kidole chake juu ya karatasi. Siku hizi reli mpya imeinua tuta lake kwenye njia ileile tangu treni ya Madaraka Express ianze 2017, na anayepita hawezi tena kuuona uwanda ule kama ulivyokuwa. Nilirudi kwenye TIFF, nikaitengeneza upya pamoja na nguzo zake, nikampelekea. Akahesabu kuanzia mbele, akaweka kidole. “Hapa ndipo baba yako alipovunjikiwa springi.” Sasa naondoa vumbi, mikwaruzo na ukungu, yaani vitu vilivyoingia baada ya picha kupigwa. Kilichokuwa mbele ya kamera siku ile nakiacha.

Hesabu kamili, kwa anayetaka kujipanga: studio 3,000, skana 32,000, diski mbili 15,000, glavu, kipulizio, spiriti na vifuko vya kunyonya unyevu 1,800. Diski moja iko kwa dada yangu Nairobi. Mama tumemchapia picha moja, ya uwanda wenye ndovu, sentimita 30 kwa 45. Kwa faili yangu ukubwa huo ni mwisho wake. Ukisogea karibu sana inalegea, lakini ukutani sebuleni inatosha. Kwa fundi wa kuchapa nilikwenda na karatasi ndogo ya majaribio kwanza, na mfuko wa udongo. Nilitoa udongo pale nyuma ya nyumba yetu Voi, tukaulinganisha dirishani, akapunguza buluu mara mbili kabla ya kukubaliana.

Imebaki filamu moja. Ilikuwa chini kabisa ya bati la biskuti, na nilipoitoa kwenye plastiki yake wiki iliyopita ilinuka siki. Harufu hiyo ni plastiki ya filamu yenyewe inayooza, na mvuke wake huambukiza zilizo jirani, kwa hiyo nimeitenga kwenye bahasha ya karatasi, mbali na nyingine. Imeanza kujikunja kwa upana na kusinyaa pembeni, na kuinyoosha kwa vitabu sithubutu. Ukingoni nimesoma namba tu. Kwenye picha ya tatu kuna kitu kama watu wawili wamesimama mbele ya gari, na nyuma yao mlima. Leo usiku stima ikikaa, naanza nayo.